Kogo wa Neti, Aliyengojea Toleo Lijalo

Neti ndiyo iliyoniokoa. Kila nikisema hivyo watu wanadhani namsema Mungu kwa mafumbo. Mimi nasema neti, lile gunia la matundu tunalobebea majani ya chai, la kijani, lenye kamba nene mdomoni. Nilikuwa nimeivaa begani, haijajaa, mvua ya mawe ilipotukatiza kuchuna alasiri ile. Nikasikia kitu kama lori linaloshuka bila breki. Nikageuka kutazama juu, na ukuta wa bwawa haukuwa pale ulipokuwa. Mahali pake palikuwa na anga.

Halafu chai ikaanza kutembea. Sijui niseme vipi mtu anielewe. Mistari ya chai niliyoipanda na baba yangu ilishuka ikiwa bado imesimama, pole pole, kama watu wanaotoka kanisani. Nilishuka nayo. Sikuogopa, nilikuwa kama naota, na kwenye ndoto ile mawe ya barafu yalikuwa bado meupe juu ya majani. Kisha neti ikanaswa kwenye kisiki cha mti wa blugamu, mkono wangu ukiwa ndani ya kamba yake, na matope yakanipita kifuani yakaenda zake.

Rael, mke wangu, alikuwa kule chini jikoni, anachemsha maziwa. Aliita mara moja tu, "Baba Cherono!" Haikuwa sauti ya woga. Ilikuwa sauti yake ya kila siku, kama anayetaka kunikumbusha kitu. Nikatazama kule. Moshi wa jiko uliendelea kupanda kidogo kutoka mahali ambapo hapakuwa tena na jiko.

Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa Kogo, kwa gambuti zake za mpira na kofia yake ya sufu. Aliniwekea mkono kichwani, lakini macho yake yalikuwa juu, kule ukuta ulikokuwa. Akasema, "Ni mguuni. Ilikuwa mguuni."

Nikamwambia, "Mguu wangu ni mzima, Kogo. Mtafute Rael."

Waliofanya kitu hicho nawajua kwa majina. Ni Injinia Malel, aliyesimamia bwawa, na Tanui, mwenyekiti wa kamati ya maji. Nitawafikia. Lakini siwezi kuwafikia bila kupitia kwa Kogo, yule mama mzee, kwa sababu wao wenyewe walipoulizwa walijificha nyuma ya gauni lake. Basi niseme kwanza alikuwa mtu wa namna gani.

Kogo kwetu ni nyanya, mama ya baba au ya mama. Yeye hakuwa nyanya wa mtu yeyote pale kijijini, lakini tulimwita hivyo wote, na kwa kuwa kila kijiji kina makogo wengi, jina lake likawa Kogo wa Neti. Alikuwa amefanya kazi ya kompyuta mijini miaka mingi, akastaafu, akarudi kwenye shamba la kwao juu ya langu. Tulitegemea mtu kama huyo ajenge nyumba ya ghorofa na kufunga lango la chuma. Akaja na kompyuta moja ndani ya mfuko wa kushona, akakaa kwenye nyumba ya mabati iliyovuja. Watu walimcheka kwa hiyo. Mtu ambaye kazi yake ni kujua maji yataenda wapi, na sufuria tatu zimetegwa sebuleni kwake!

"Maji yangu nayajua yanakoenda," alisema. "Yanaenda kwenye sufuria."

Siku ya kwanza nilipomuuliza kazi yake ni gani, hakujibu kwa mdomo. Alimwomba Rael neti tupu, akaitandaza juu ya lile jiwe kubwa la langoni kwetu, akaivuta pembe zote mpaka ikalishika jiwe vizuri.

"Hii ndiyo kazi yangu," akasema.

"Kufunika mawe?" Rael akauliza.

"Kufunika vilima. Ukiuuliza mlima mzima swali, hautakujibu. Ni mkubwa sana, una kiburi. Lakini uukate vipande vidogo kama matundu haya, uulize kila kipande kivyake: wewe unasukumwa na nani? Umelowa kiasi gani? Nani amekuegemea? Kitasema. Halafu unajumlisha majibu yote, na unajua mlima utafanya nini kabla haujafanya."

Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kushona neti hizo. Haikuwa yake peke yake. Walikuwa watu kadhaa, mmoja Nairobi, mwingine nchi za mbali, lakini yeye ndiye aliyeianza. Programu ilichukua picha ya kilima iliyopigwa kutoka juu, ikakivalisha neti ya pembetatu, kubwa hapa, ndogo pale. Ni pembetatu wala si miraba, kwa sababu, alisema, pembetatu haiyumbi.

Tukiwa bado pale langoni, kuku wetu mmoja akapita chini ya neti, mahali ilipokuwa imeruka kishimo kando ya jiwe. Kogo akanishika mkono. "Umeona? Kuku amepita na neti haijui. Ukiwa na matundu makubwa, neti inaruka mashimo. Inasema hapa ni sawa, kumbe kuna kuku."

Nilicheka. Sasa siwezi kumwona kuku akipita chini ya kitu.

Alikuwa na chuki moja kubwa, pembetatu nyembamba. Aliichukia kama mtu anavyochukia nyoka. Pembetatu nyembamba inadanganya, alisema; ukiiuliza swali inakujibu hesabu ya uongo, na uongo wake unaingia kwa majirani zake wote. Hata chapati. Rael akikata chapati, Kogo alichagua kipande kinene kilichokaa sawa pande zote, na kile chembamba chenye ncha kali alikirudisha kwenye sahani.

"Mama Cherono, hiki kitalidanganya tumbo langu."

"Kogo, tumbo halijui jiometri."

"Langu linajua."

Lakini huyo huyo aliyekuwa mkali kwa pembetatu hakuwa mkali kwa watu. Ndiyo shida niliyo nayo naye mpaka leo. Mtu akimpandishia sauti, alishusha yake. Mvulana wa boda akimwongezea nauli, alilipa huku akiomba msamaha. Angeweza kubishana na mashine siku nzima juu ya kona moja ya kilima, kisha mtu aliyefunga tai akamwambia "hapana" mara moja tu, akainua mikono.

Na alikuwa na neno lake. Kila kitu ambacho programu haikuweza, alisema, "Hiyo ni toleo lijalo." Ng'ombe akiteleza kwenye njia ya kwenda mtoni, Kogo alisimama akaitazama njia: neti ingepaswa kujua njia za ng'ombe, maji yanazipenda, toleo lijalo. Rael akianika majani ya mboga kwenye shuka, na shuka likikunjika kwenye nundu, Kogo aliinama: neti ingepaswa kukunjika hivi, yenyewe, bila kuambiwa, toleo lijalo. Tulikuwa hatujui neno hilo. Kwetu shuleni, kabla sijaacha, toleo lilikuwa kitu cha kuandikwa ubavuni mwa vitabu na hakuna aliyekisoma. Rael alidhani ni jina la mtu.

Siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu Toleo ni mtoto wake?"

"Sijui."

"Maskini. Kila siku anamngojea na haji."

Ilipojulikana kwamba toleo ni programu ile ile ikirudi imerekebishwa, Kogo alicheka mpaka akavua miwani. Lakini jina lilibaki. Kuanzia hapo tulimsema Toleo kama mtu. Toleo atajua kupima udongo mwekundu na mweusi, kila mmoja kivyake. Toleo atatembea usiku wa ukungu bila tochi. Toleo atakuwa na macho makali zaidi pale ambapo mlima una wasiwasi, na hatapoteza nguvu zake pale ambapo umelala. Rael alimwekea kikombe siku nyingine, kwa mzaha, na Kogo alikitazama kikombe hicho kana kwamba kweli kuna mtu njiani.

Kulikuwa na alasiri ambazo nazikumbuka kama ndoto. Jua kali, chai inang'aa, vilima vimekaa mpaka upande wa Kericho kama migongo ya wanyama waliolala, na Kogo amekaa kivulini kompyuta ikiwa mapajani. Anainua kichwa anasema, "Mvua imeanza."

"Wapi?"

"Huku ndani."

Tunasogea kuangalia. Na kweli, kilima chetu kiko mle ndani, na juu yake kunanyesha. Maji yanashuka kwenye pembetatu, moja inamwagia nyingine, bila sauti. Huku nje sisi tunajifuta jasho. Rael anauliza, "Kogo, tuanue nguo ama?" na wote tunacheka. Nilikuwa nikiondoka pale naangalia ardhi chini ya viatu vyangu naiona ina mistari. Nililala nikaota ukungu wa asubuhi unaondoka kijijini kipande kwa kipande, pembetatu moja moja, kama mtu anayeinua vitambaa vilivyofunika vyombo, na chini ya kila kimoja kuna nyumba, na ndani yake watu wanaamka. Ndoto hiyo bado inanijia. Siku hizi kuna kitambaa kimoja ambacho hakiinuliwi.

Sasa nifike kwa bwawa.

Bwawa lilikuwa la kutuletea maji ya mfereji. Hakuna aliyelipinga. Ukuta wake ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa, na mguu wa ukuta, yaani pale chini unapokutana na kilima, ulikaa ndani ya chai, juu kidogo ya shamba langu. Injinia Malel alitumia programu ya Kogo kuuliza kama ukuta utasimama. Alikuwa kijana wa huku kwetu, amesoma, anaongea Kipsigis kama sisi, viatu vyake haviguswi na matope, sijui alitembeaje.

Mikutano yao ya kupanga Toleo ilifanyika kwenye zizi langu. Si kwamba walinipenda. Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu pale kijijini, na ni kando ya ng'ombe wangu, Malkia. Kogo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu akaisimamisha kwenye mti wa zizi, na mimi nakamua. Wenzake wa mbali walimjua Malkia kwa sauti. Akilia, yule wa Nairobi alisema, "Malkia amepinga," wakacheka.

Siku ninayoisema walikuwa wanapanga ni kitu gani kitangulie. Kulikuwa na mambo mengi ya kurekebisha na mikono michache, kwa hiyo ilikuwa lazima wachague. Kogo alitaka neti iwe inajikaza yenyewe kwenye miguu ya kuta na miteremko, matundu yawe madogo, madogo zaidi, kama kichujio cha chai. Yule wa Nairobi alitaka programu iende kasi. Na Malel, aliyekuwa kwenye simu kwa sababu ndiye aliyekuwa akiitumia, alitaka rangi.

"Kogo, hiyo ya mguu ni nzuri sana," alisema, kwa heshima. "Lakini wakubwa hawaelewi mguu. Wanataka picha. Kijani, manjano, nyekundu. Tukipata rangi, mradi unapita."

"Na kama chini ya chai kuna kishimo?" Kogo akauliza. "Nilichuna chai pale nikiwa msichana. Kuna mahali ulikuwa unazama mpaka kiunoni. Ndege yenu ya picha imepiga juu ya majani, imeona meza tu, ule usawa wa juu wa chai. Neti imeruka."

"Hiyo tutaangalia."

"Basi msijaze. Mpaka mguu ushonwe vizuri, maji yasipite nusu."

"Nusu, Kogo. Sawa kabisa."

Wakapiga kura. Rangi ikatangulia, kasi ikafuata. Kogo alikwaruza matope kwenye gambuti kwa kijiti. Mimi nilikuwa naye karibu kama nilivyo na karatasi hii. Nilisubiri akatae. Akasema, "Sawa. Mguu uende toleo lijalo."

Malkia hakulia.

Baada ya wiki chache Malel akaja na rangi. Ulikuwa mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule. Sisi wa chini ya ukuta tulikuwa tumeanza kusema: tuhamishwe, ama ukuta uongezwe, ama maji yapungue. Tanui hakupenda kelele hizo. Kulikuwa na wageni wakubwa wanakuja kufungua bwawa, na alitaka walione limejaa. Malel akainua picha kubwa. Kilima chetu chote kilikuwa kijani, kizuri, kama chai baada ya mvua. Mguu wa ukuta pia kijani.

"Mnaona hiyo kijani?" akasema. "Kijani ni salama. Kompyuta imefanya kazi yake. Kila nyumba ya huku chini iko ndani ya pima."

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kwenye karatasi mtu anaona herufi na kwenye mdomo wetu hakuna herufi. Sisi Wakipsigis, p na b kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Nikiandika pima na bima naona tofauti. Nikisema, sina tofauti ya kukupa. Pima ni kupima, kwamba nyumba zimeingizwa kwenye hesabu. Bima ni ile ya kulipwa ukipata hasara. Na watu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi zile, wakiogopa nyumba zao, walisikia kile walichokuwa wanakitaka: kila nyumba ya huku chini iko ndani ya bima.

Kelele za sifa zile bado ninazo masikioni. Wamama walipiga vigelegele. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akauliza kabisa, mbele ya kila mtu, "Injinia, na hiyo bima italipa na ng'ombe?"

Watu wakacheka, lakini lilikuwa swali. Malel alilielewa. Nilimwona akilielewa, tabasamu lake lilisimama njiani, kama mtu aliyekanyaga pasipo na ngazi. Akamtazama Tanui. Tanui akachukua kipaza sauti.

"Wazee, mmesikia wenyewe. Kila kitu iko ndani. Sasa tuombe tuende nyumbani."

Na tukaomba. Jumapili Tanui akasema tena kanisani, kwenye matangazo, baada ya habari za kwaya: bwawa letu liko sawa, tuko ndani. Hakusema ndani ya nini.

Jioni moja wiki ile ile Kogo alishuka kwetu. Rael alikuwa mlangoni anapepeta mahindi.

"Mama Cherono, nimekuja kukwambia kitu. Si bima. Ni pima."

Rael akamtazama. "Kogo, umesema si bima, ni bima."

"Hapana. Si bima. Ni pima!"

"Ndiyo hiyo hiyo nasema."

Kogo akajaribu tena, midomo ameibana, hewa nyingi, na ikatoka ile ile, kwa sababu mdomo wake ulizaliwa pale pale kama wetu. Rael akaanza kucheka. Kogo naye akashindwa, akacheka, wakashikana wawili kwenye mlango. Halafu Kogo akaokota kijiti, akaanza kupima ardhi nacho, urefu kwa urefu, ili amwonyeshe.

"Aaa!" Rael akasema. "Nimeelewa. Wanapima kwanza, ndio wakupe bima."

Nani angeweza kumpinga? Ndivyo inavyofanyika kwa kila kitu. Kogo akatupa kijiti. Hakucheka tena.

"Nenda kwa dada yako mpaka mvua ziishe," akamwambia. "Nakuomba. Kuna mahali neti haijafika."

"Na Malkia nimpeleke kwa nani? Na chai? Baba Cherono atachuna peke yake?" Rael akamshika mabega, kwa upendo, kama anayemtuliza mtoto. "Kogo, wewe unaogopa sana. Mwambie Toleo akifika apitie hapa anywe chai. Nitamwekea ile ya maziwa mengi."

Wageni walipokaribia, Tanui aliweka mbao kwenye mdomo wa kutolea maji ya ziada. Tuliziona. Bwawa likajaa mpaka juu, likapendeza, anga ikaingia ndani yake na mawingu yote. Watu walikwenda kulitazama siku ya Jumapili wakiwa na nguo nzuri. Mimi na Rael pia tulikwenda. Alitupa jani la chai majini, tukalitazama likizunguka. Kisha ikaja alasiri ya mvua ya mawe, niliyoisema.

Nililazwa hospitali ya Longisa kwa sababu ya bega. Tanui alikuja na soda na mkate, akaniombea kwa muda mrefu. Alisema ni kazi ya Mungu. Nilimwuliza mbao zilikuwa kazi ya nani, akasema nisijichoshe, bado nina maumivu. Baadaye kulikuwa na kikao mjini Bomet cha kuuliza kilichotokea, na sisi tuliobaki tulikwenda tukakaa nyuma. Malel akasimama. Alisema yeye alisema pima. Kama mtu alisikia bima, hiyo ni shida ya masikio. Na kuhusu ukuta, alisema alifuata kompyuta, na kompyuta ni ya yule mama. Vichwa vyote vikageuka. Kogo alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha, mikono mapajani. Nilimchukia siku ile kwa kunyamaza kwake kuliko nilivyowachukia wao kwa kusema.

Akahama. Nyumba ya mabati ikabaki na sufuria zake. Nilisikia yuko Kapsoit kwa dada yake mwenye duka la nguo.

Nilikwenda Kapsoit mwaka huu. Nilijiambia nakwenda kutafuta ndama. Nilimkuta uani nyuma ya duka, kati ya nguo zilizoanikwa, kompyuta kwenye stuli. Alikuwa amekonda, lakini kofia ni ile ile.

"Chamgei, Baba Cherono," akaniamkia.

"Chamgei mising, Kogo."

Akaniletea chai na chapati. Alikuwa ameikata mwenyewe, vipande vinene, vimekaa sawa pande zote. Tulikula. Mwishowe akajifuta vidole, akageuza kompyuta upande wangu.

"Toleo limefika," akasema.

Kilikuwa kilima chetu, kama kilivyokuwa. Chai yangu imesimama kwenye mistari. Jiwe la langoni. Zizi. Jiko. Juu yake neti, na juu kule ilikuwa na matundu makubwa, ya uvivu, halafu kadiri ilivyoshuka kuelekea mguu wa ukuta ilijikaza, ikajikaza, mpaka ikawa laini kama kitambaa cha kuchujia. Ilikuwa nzuri. Sikutaka iwe nzuri.

"Inyeshee," nikamwambia.

Akainyeshea. Pale uani jua lilikuwa linawaka, nguo za watu zinakauka, na mle ndani mvua ilishuka kwenye chai yangu bila sauti. Maji yakapanda kwenye bwawa. Yalipofika nusu, mguu wa ukuta ukaanza kuwa manjano. Yalipopita nusu kidogo, ukawa mwekundu. Mbao za Tanui hata hazijafikiwa.

"Ingesema," nikasema.

"Ingesema."

"Na kwa nini ulikubali? Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nakamua."

"Niliwaambia nusu, ulisikia. Lakini kura niliikubali. Nilikuwa na kila sababu ya kukataa na nikasema sawa, kwa sababu kijana aliniongelesha kwa heshima. Hiyo ni yangu. Mtu akiniita popote nijibu, nitakwenda nijibu. Siku ile Bomet nilingoja waniulize. Hakuna aliyeniuliza, walinitazama tu."

Nilimwamini. Sijamsamehe, lakini nilimwamini, na ni vitu viwili.

Akavuta kompyuta mapajani, akaniuliza kwa sauti yake ya zamani, ile ya kwenye zizi, "Wewe ungetaka nini kiongezwe?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilitazama ile neti. "Majina," nikasema. "Kila pembetatu iwe na jina la mtu anayekaa pale. Ndiyo mtu kama Malel akitaka kuifanya kubwa, asome kwanza anamrukia nani."

Nilijua atakavyojibu. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia lile neno lake.

"Sasa hivi," akasema. Akasogeza kilima mpaka jikoni kwetu, akachagua pembetatu moja, nene, iliyokaa sawa pande zote, akaandika kwa kidole kimoja: Rael.

Basi mmoja amejibu. Wamebaki wawili, na najua mnapokaa.

Injinia Malel, siku hizi unajenga bwawa lingine kwa watu wengine, wenye midomo kama yetu. Yule mzee alikuuliza kama bima italipa na ng'ombe. Masikio yako hayakuwa na shida siku ile. Ulimsikia, na ulijua anasema nini. Kwa nini hukusema hapana? Ilikuwa neno moja tu, na hilo hata likisemwa kwa b halibadiliki maana. Na wewe Tanui, uliyemwambia Mungu abebe mbao ulizozibeba mwenyewe: nani alikuruhusu kuziba ule mdomo, na kijani cha nani kilikutosha kusema tuko ndani?

Sitaki soda. Sitaki maombi. Mahali pa mguu wa ukuta bado papo pale juu ya shamba langu, na kisiki cha blugamu kipo, na neti bado imening'inia, sijaitoa. Njooni msimame pale nilipokuwa nimesimama, mtazame chini kule moshi ulikokuwa, mnijibu. Mimi nipo.